Mgeni wa Nani?

Mwaka 1331 chombo kimoja kilitia nanga mbele ya Mogadishu, na ndani yake alikuwamo msafiri kutoka Tanja, Ibn Battuta. Kabla abiria hawajashuka, mashua ndogo zilitoka pwani kuja kuwalaki. Zilijaa vijana, na kila kijana amebeba sinia iliyofunikwa, ndani mna chakula. Akipanda chomboni humkabidhi mfanyabiashara mmoja sinia ile na kutangaza kwa sauti kwamba huyu ni mgeni wake. Tangu hapo mfanyabiashara hafikii kwingine ila kwa mwenyeji huyo. Mwenyeji ndiye atakayemuuzia bidhaa zake na kumnunulia anachohitaji. Na mtu akimpunja mgeni, au akifanya naye biashara pasipo mwenyeji, mapatano yale ni batili. Ibn Battuta hakuwa na kitu cha kuuza. Wenzake walipoeleza kwamba ni mwanachuoni, kijana aliyemjia akawapigia wenzake kelele: basi huyu ni mgeni wa kadhi.

Akakirimiwa siku tatu. Alikula wali wa samli, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, achari ya ndimu, embe, na akastaajabu jinsi wenyeji walivyojua kula.

Nimeisoma habari hii mara nyingi, na kila mara kinachonishika si chakula, ingawa ndizi za maziwa zinanitamanisha. Kinachonishika ni swali la kwanza ambalo mji ulimuuliza mtu asiyejulikana: utafikia kwa nani? Sisemi mji ule ulikuwa wa malaika. Mwenyeji alipata chake katika kila mzigo, na pwani yetu yote hii iliuza watu. Lakini swali lenyewe lilikuwa na busara. Halikutaka kujua babu wa mgeni. Lilitaka kujua ni nani mjini atakayesimama mbele yake akidhulumiwa, na kama hayupo, apatikane kabla mguu wake haujagusa mchanga.

Miaka 660 baadaye, mwaka 1991, mji ule ule uliuliza swali jingine. Liliulizwa kwenye vizuizi vya barabarani, na vijana walewale wa umri wa kubeba sinia, ila sasa wamebeba bunduki: wewe ni wa ukoo gani? Na jibu likishatoka halirudi.

Ukitafuta chanzo cha swali hilo utaambiwa na wengi kwamba Wasomali walizaliwa nalo. Maelezo haya siyakubali. Ni mepesi mno, na yanawaachia watu fulani waende zao bila kuulizwa kitu. Siad Barre alipotwaa madaraka Oktoba 1969 aliahidi kuung'oa ukabila. Serikali yake ilifanya hata maziko ya hadharani ya ukabila, na raia wakaambiwa waitane ndugu wa mapinduzi. Huku nyuma mtawala yuleyule akagawa vyeo na silaha kwa ukoo, akauadhibu ukoo mmoja kwa mkono wa mwingine. Mwaka 1988, waasi walipoingia Hargeisa, ndege za kijeshi ziliruka kutoka uwanja wa ndege wa Hargeisa yenyewe, zikaupiga mabomu mji uliokuwa chini ya mabawa yao, zikarudi kutua palepale kujaza tena. Sehemu kubwa ya mji ilisawazishwa na ardhi, na watu kwa malaki wakakimbilia Ethiopia kwa miguu. Serikali inapowapiga raia wake kwa kuwahesabu koo, itashangaa nini raia wakijifunza hesabu hiyo?

Siad Barre alitoroka Mogadishu mwishoni mwa Januari 1991. Wale waliomng'oa walikuwa wa chama kimoja, na kwa kipimo cha vizuizini walikuwa pia wa ukoo mmoja mkubwa. Ungedhani swali lingeishia hapo, kwa kuwa sasa wote ni wamoja. Haikuwa hivyo. Novemba 17 mwaka huohuo viongozi wao wawili, Jenerali Aidid na Ali Mahdi, waligeuziana mizinga, mmoja kusini mwa mji na mwingine kaskazini, kila mmoja na tawi lake ndani ya ukoo uleule. Swali la ukoo halina sakafu. Ukidhani umefika chini, kuna tawi, na chini ya tawi kuna kijitawi, hadi mtu abaki na nyumba yake na ndani ya nyumba aanze kuwatazama mashemeji.

Kwa karibu miezi minne walirushiana makombora juu ya mji uliojaa watu, mara nyingi bila kujua litaangukia wapi. Mashirika ya haki za binadamu yalikadiria kwamba hadi mwanzoni mwa Machi 1992 watu 14,000 walikuwa wameuawa na 27,000 kujeruhiwa. Katikati ukapita mstari wa mapambano, ukaitwa mstari wa kijani, kwa sababu nisiyoweza kuielewa, maana hakuna kilichoota juu yake isipokuwa magugu. Kaskazini mwa mji gereza moja, Keysaney, liligeuzwa hospitali. Nje ya Somalia, mtu akiutaja mji huu hukumbuka helikopta mbili za Marekani zilizoangushwa Oktoba 1993 na askari 18 wa Kimarekani waliokufa katika vita vile. Wasomali waliokufa katika saa zilezile walikuwa mamia, na hadi leo hesabu yao husemwa kwa kukisia.

Mstari ule ulipita kwenye mji mkongwe, na hapa ndipo habari inapotugusa sisi watu wa pwani. Mji mkongwe wa Mogadishu una mitaa miwili, Hamar Weyne na Shangani. Shangani! Mzanzibari akisikia jina hilo atadhani unazungumzia nyuma ya Ngome Kongwe. Si ajabu. Pwani hii ilikuwa kamba moja, na majina yalisafiri pamoja na boriti na nguo. Hamar Weyne ina msikiti wa Fakhr al-Din, uliojengwa mwaka 1269. Karibu na pwani lilikuwapo jumba la Garesa, lililojengwa katika karne ya 19 kwa ajili ya liwali wa Sultani wa Zanzibar, likaja kuwa makumbusho. Mwaka 1905 Waitalia waliinunua pwani ya Benadir kutoka kwa Zanzibar kwa pauni 144,000, watu wake wakiwa ndani, bila kuulizwa.

Wenyeji wa mitaa ile, Wahamari, na ndugu zao wa Barawa kusini zaidi, walikuwa watu wa duka, kitanda cha mfumi, mizani ya dhahabu, chuo cha Kurani. Hawakuwa na jeshi. Walipoulizwa wa ukoo gani, jibu lao halikuwa na bunduki nyuma yake, na hivyo lilikuwa sawa na kutojibu. Waliingiliwa majumbani usiku baada ya usiku, leo na kundi hili, kesho na lile. Dhahabu iliporwa, mabinti wakadhalilishwa, wanaume wakauawa milangoni. Makumbusho ya Garesa yakaporwa pia, kama kwamba mji ulitakiwa usahau hata kuwa uliwahi kuwa na kumbukumbu.

Kombora hubomoa nyumba kwa sekunde. Lakini Mogadishu ilibomolewa pia taratibu, kwa bisibisi na koleo. Walichukua mabati, kisha milango, kisha fremu za madirisha, kisha mabomba, kisha wakafukua nyaya za umeme kwa ajili ya shaba. Shaba haiendi sokoni yenyewe. Kila waya uliofukuliwa ulikuwa na mnunuzi, na mnunuzi huyo hakulala Mogadishu. Tunapohesabu walioua mji tunahesabu wenye bunduki peke yao, naye mwenye mizani anakunywa kahawa yake bandarini kwingine, mtu wa heshima.

Tuna methali ambayo tumeizoea hata haitukwaruzi tena, ile ya tembo wapiganapo na nyasi ziumiazo. Mimi nimeanza kuiogopa. Nyasi hazina majina, na mvua ikinyesha huota tena, ambapo mwanamke aliyepigwa na kombora akisukuma mkokoteni wa maji haoti tena. Na wapiganaji wenyewe hawakuwa tembo walioshuka kutoka mwituni. Walikuwa watoto wa mtaa, wengine wametoka kijijini juzi, wengine walisoma darasa moja na yule wanayemuuliza. Methali ile inawafanya wauaji wawe maumbile. Ikishakuwa maumbile, nani atashtakiwa?

Aliyeikataa hesabu ile ya koo kwa vitendo ni Dakta Hawa Abdi, mtaalamu wa magonjwa ya wanawake aliyesomea Kyiv. Alikuwa na zahanati kwenye shamba la familia yake, kando ya barabara ya Afgooye, nje kidogo ya mji. Watu walipokimbia walimjia, akawapa mahali pa kujenga vibanda. Kuna wakati walifikia makumi ya maelfu, wengine wakisema 90,000. Sheria zake za kuishi pale zilikuwa chache: hakuna kutajana kwa ukoo, na hakuna mume kumpiga mkewe. Aliyempiga alifungiwa stoo. Mwaka 2010 wapiganaji wa Hizbul Islam waliivamia hospitali yake, wakamwambia mwanamke hastahili kuongoza mahali kama pale. Akawauliza wao wameifanyia nini jamii yao. Baadaye walipotaka yaishe, akadai wamwandikie barua ya kuomba radhi. Wakaiandika. Alifariki Agosti 2020, na katika habari zake zote mimi hupenda zaidi ile stoo.

Kilichonigusa kwake ni kwamba hakuwahubiria wale watu wapendane. Mtu aliyepoteza watoto wawili kwa kombora huwezi kumwamuru apende. Aliwazuilia neno moja tu lisitamkwe ndani ya uzio wake, kama vile mtu anavyovua viatu mlangoni. Nje fanya utakavyo. Wakenya tusijione mbali na hayo. Mwanzoni mwa 2008, baada ya uchaguzi, vizuizi viliwekwa barabarani kwetu, vitambulisho vikaombwa, na majina ya baba yakasomwa kwa makini kuliko mtihani wowote. Zaidi ya watu 1,100 waliuawa. Swali lilikuwa lilelile, ila sisi tulilipata likiwa limeandikwa na serikali kwenye kadi.

Hapa Mombasa wapo waliofika kwa vyombo mwaka ule wa 1991, wamesongamana kama tende kikapuni. Wahamari na Wabarawa walikaa kambini, wengine wakaendelea Ulaya na Marekani, wengine wakabaki mitaani petu. Mmoja wao ni jirani yangu, mama mtu mzima. Kwao ni Barawa, ambako watu husema Chimiini, Kiswahili chao cha kale, na mji wenyewe wanauita Mwiini, yaani mjini tu, kama kwamba duniani hakuna mji mwingine wa kuuchanganya nao. Aliolewa Mogadishu, mtaa wa Shangani. Watoto wa hapa humcheka akisema *chisu*. Naye huwacheka zaidi wao wanaosema kisu, kwani anaona wamekosa meno.

Siku moja kabla ya magharibi nilimkuta barazani akichambua mchele. Nilikuwa nimesikia habari kwamba Mogadishu majengo yanapanda, hoteli za ufukweni zimejaa, watu wanarudi kutoka Uturuki na Uingereza wakiwa na mitaji. Nikamsimulia. Alisikiliza bila kuinua macho, akiweka chuya upande mmoja.

"Basi hutamani kurudi, mama? Hata kutembea tu?"

"Nyumba ina watu," akasema. "Sijui ni kina nani, nao hawanijui."

"Shangani yote?"

Akapepeta ungo mara mbili tatu, makapi yakaruka kuelekea barabarani.

"Mwanangu," akaniuliza, "nitafikia kwa nani?"