Saa ya Kusoma Inatoka Wapi?

Ukipita Majengo usiku, soko likiwa limekwisha kufungwa na daladala zimepungua, utaona taa ikiwaka katika chumba kimoja kimoja. Wengi wanaokesha humo si wanafunzi wa shule. Ni sisi, watu wazima wenye ajira na familia, tunaojiandaa kwa mitihani ya uhasibu ya CPA, inayofanyika Mei na Novemba. Kazini tunaingia saa 1:30 asubuhi na kutoka saa 9:30 alasiri, na kwa wanaofanya kazi Mtumba, njia nayo inakula muda wake.

Tumezoea kuliombea jambo hili: Bwana atupe kumbukumbu, atupe kufaulu. Ni maombi mema. Lakini liko swali linalotangulia, nalo ni la kiroho kuliko tunavyodhani: saa ya kusoma inatoka wapi?

Mungu amempa kila mtu saa 24 kwa siku, na hakuna mwenye saa ya ziada. Kila saa tunayosomea ilikuwa na mwenyewe: mwajiri, mtoto, mwili unaohitaji usingizi, au ibada. Sisi ni mawakili tu wa saa hizo, na wakili hudaiwa hesabu.

Tuanze na mwajiri. Baadhi yetu tumewahi kufungua kitabu cha ukaguzi ofisini, huku mwananchi amekaa kwenye benchi akisubiri karatasi yake. Tulijiambia kwamba tunajiendeleza kwa faida ya ofisi. Lakini Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1972, haipimi akili peke yake. Cheti chake kinamwambia mwenye mali kwamba mtu huyu anaweza kukabidhiwa kisicho chake. Tukikipata kwa saa za wizi, tutakuwa tumefaulu mtihani na kuanguka katika jambo lile lile ambalo cheti kinalishuhudia.

Kuhusu ibada, husemwa kwamba Mungu anaelewa. Ni kweli, anaelewa. Muuguzi aliye zamu Jumapili hatumhukumu. Lakini amri ya Sabato katika Kutoka 20 inamtaja hata mtumishi na mnyama, maana bwana asiyepumzika huwanyima pumziko na walio chini yake. Asiyeweza kufunga kitabu siku moja amekwisha kupata bwana mwingine.

Nyumbani ndiko kugumu zaidi, kwa kuwa huko hakuna msimamizi. Mwenzetu mmoja aliketi na mkewe na watoto, akawaomba jioni zao za miezi minne. Wakampa. Matokeo yalipotoka, hakufaulu. Aliporudi kuomba tena, mkewe akamwambia, "Baba, hatukatai. Lakini huyu mdogo ameanza kukuamkia kama mgeni. Tuachie kwanza Mei hii." Akakubali, akaahirisha mpaka Novemba. Waliosoma naye wamekwisha kupata cheti, na wengine wamepanda vyeo. Yeye bado.

Je, alikosea? Katika Luka 14 Bwana Yesu anamtaja mjenzi wa mnara, ambaye yampasa kuketi kwanza na kuhesabu gharama. Sisi huhesabu ada na vitabu. Mwenzetu alihesabu pia kile wanacholipa wengine kwa ajili yake. Kupewa si sawa na kunyang'anya, hata kama saa ni zile zile. Aliyepewa hushukuru, na akiambiwa "sasa basi", husikia.

Basi tusome, na Bwana atujalie kufaulu. Ila leo usiku, kabla hatujawasha taa, tumwombe kwanza mwenye saa yake.