Je, Fadhila Huziba Mdomo?

Al Mansoura, Doha

Wahenga walituachia neno kwamba akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na sote twalikubali. Lakini rafiki huyo akimdhulumu mtu wa tatu, yule aliyefadhiliwa afanye nini? Aseme, anyamaze, au amsifu?

Swali hili si la vitabuni. Mwezi Julai 2019 mabalozi wa nchi 37 walitia saini barua kwa Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa, wakiisifu China kwa inavyowatendea Waislamu wa Xinjiang. Qatar, nchi inayotuhifadhi, ilikuwemo. Zilikuwemo pia Omani, Komoro, Burundi, Kongo na Somalia. Wengi wetu, ama kwa nchi tulikozaliwa ama kwa nchi tunakochumia, tulisemewa.

Wauighur ni Waislamu wenye lugha ya jamaa ya Kituruki. Nchi yao ilitekwa na wafalme wa Qing mwaka 1759, na mwaka 1884 ikafanywa jimbo kwa jina la Xinjiang, yaani mpaka mpya. Mpya kwa nani? Mara mbili jamhuri ilitangazwa huko, Kashgar mwaka 1933 na Ghulja mwaka 1944, na zote mbili hazikudumu. Jeshi la Mao Zedong liliingia mwaka 1949, na mwaka 1955 ukatangazwa utawala wa ndani, ambao kwa sehemu kubwa ulibaki katika karatasi. Wahan, ambao mwaka 1953 hawakufika 10 katika kila watu 100, mwaka 2000 walikuwa 40.

Haki inatutaka tuseme yote. Machafuko ya Urumqi ya Julai 2009 yaliua karibu watu 200, na kwa hesabu ya serikali wengi wao walikuwa Wahan. Mwaka 2014 soko la mji huohuo lilipigwa mabomu. Lakini aliyeua ni mmoja, na aliyeadhibiwa ni taifa zima. Ilham Tohti, mwalimu wa uchumi aliyetaka pande mbili zizungumze, alifungwa maisha mwaka 2014. Tangu mwaka 2017 watu wengi mno walitiwa makambini bila kuhukumiwa. China husema zilikuwa shule za ufundi. Agosti 2022 ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa ilisema huenda yaliyotendeka ni jinai dhidi ya ubinadamu.

Wapo watakaosema: China imetufaa. Ni kweli. Mataifa ya Magharibi yalipokataa kujenga reli ya TAZARA, China iliijenga kwa mkopo usio na riba, na wataalamu wake waliofia Tanzania wamezikwa Gongo la Mboto. Nasi hatukusahau: mwaka 1971 Tanzania, kwa sauti ya balozi wake Salim Ahmed Salim, ilikuwa mstari wa mbele kuitetea China ipate kiti chake Umoja wa Mataifa.

Basi deni lipo, na ni jema kulilipa. Lakini mtu hulipa deni lake kwa mali yake. Naweza kukulipa kwa jasho langu, kwa kura yangu katika jambo linalonihusu, kwa kukupokea nyumbani kwangu. Siwezi kukulipa kwa ng'ombe wa jirani. Haki ya Muighur si mali yangu hata niitoe.

Tena tutenganishe kimya na ushahidi. Dereva au mtumishi wa nyumbani hapa Al Mansoura, ambaye hadi miaka michache iliyopita hakuweza kutoka nchini wala kubadili kazi bila ruhusa ya mwajiri, hana lawama akinyamaza. Kimya cha mnyonge ni ngao yake. Barua ile haikuwa kimya; ilikuwa ushahidi, nao ulitolewa na wakubwa.

Siku chache baadaye Qatar iliondoa jina lake, ikisema inataka kutoegemea upande ili iweze kusuluhisha. Kuondoa ushahidi usio wa kweli si sawa na kuutoa ulio wa kweli, lakini si kitu kidogo. Oktoba 2022 pendekezo la kujadili tu ile ripoti lilishindwa Geneva kwa kura 19 dhidi ya 17, na 11 hazikuegemea popote. Qatar ilikataa. Somalia, iliyosaini mwaka 2019, ilikubali, peke yake katika Afrika yote. Hata kama ilikuwa na hesabu zake za siasa, nchi yenye vita na njaa ilionyesha kwamba shida haimlazimishi mtu kusema asichokiamini.

Sisi wa ughaibuni hatuombwi maandamano. Tunaombwa tusirudie sifa tusizoziamini, na mtoto akituuliza Wauighur ni nani, tumjibu.