Kikulacho ki Nguoni: Nguo ya Nani?

Siku hizi methali hii imehamia madhabahuni. Mhubiri wa mkesha, saa tisa za usiku, sauti imeshamkauka, huitoa kana kwamba ni hati ya upekuzi: kikulacho ki nguoni mwako, mtaje! Na watu huanza kutaja kimoyomoyo: shangazi asiyecheka, mama mkwe, mpangaji wa chumba cha pili. Asubuhi wanarudi nyumbani na chupa ya mafuta ya upako, na kichwani orodha ya washukiwa.

Sikatai kwamba wazee waliitumia kwa msaliti wa karibu. Yuda alichovya katika sahani moja na Bwana wake, na mfuko wa fedha aliushika yeye. Ninachokataa ni kuisoma methali nusu. Mwenye chawa huvua nguo yake, akaigeuza, akapekua mishono, akaichemsha. Ni kazi ya aibu, haifanywi mbele za watu. Hakuna aliyewahi kupona kwa kupekua kanzu ya jirani. Methali inaupeleka mkono wako kwenye pindo lako mwenyewe. Ukiunyoosha kwa mwenzako, hiyo ni tuhuma tu, umeisingizia hekima ya wahenga.

Wapenzi wa vita vya kiroho wanaipenda sura ya 6 ya Waefeso, lakini wanairuka sehemu ambayo Paulo anasema hatupigani mieleka na binadamu. Kisha hizo silaha zenyewe: mshipi wa kweli, dirii ya haki, chapeo ya wokovu. Nyingi ni za kuvaliwa. Ngao ya imani huzima mishale itokayo nje. Kilichokwisha kujificha chini ya dirii, ngao haikigusi. Ukivaa dirii juu ya dhuluma, umeifungia ndani ikutafune kwa raha zake.

Na Efeso kwenyewe kulitokea nini? Matendo 19 inasimulia wana saba wa Skewa waliodhani jina la Yesu ni kombora la kumrushia yeyote. Pepo akawauliza wao ni akina nani, wakatimka uchi, wana majeraha. Baada ya hapo waumini wakaja kuungama matendo yao wenyewe, na waliokuwa wakifanya uganga wakavichoma vitabu vyao hadharani, thamani yake vipande 50,000 vya fedha. Vilitoka makabatini mwao. Hakuna aliyeambiwa akalete vya jirani.

Usomaji ule mwingine tunajua unakoishia. Kilifi wazee wameuawa kwa sababu ya mvi, na mara nyingi ukichimba unakuta ugomvi wa shamba. Usukumani vikongwe wameuawa kwa macho mekundu, macho yaliyoungua kwa miaka ya moshi wa kuni na samadi. Mhubiri atasema yeye hakumtuma mtu kushika panga. Sawa. Lakini aliyewafundisha watu kumtafuta adui wao kwenye sura za wazee ni nani?

Najua nyumba moja, ya watu wa maombi hasa, ambako dada wa kazi alifukuzwa mwisho wa mfungo. Alionekana katika maono, wakasema, amebeba nyoka. Begi lake likapekuliwa mpaka kwenye mishono: kanga mbili, kitana, na daftari alimoandika kwa penseli miezi ambayo hajalipwa. Nyoka hakuwamo. Daftari wakalirudisha begini, wakamfungulia geti. Usiku ule familia ilipiga magoti kumwomba Bwana wa majeshi aizungushie nyumba ukuta wa moto. Nadhani hawajafika Yakobo sura ya 5, ambako ujira uliozuiliwa wenyewe unapiga kelele, na kilio cha waliodhulumiwa kimekwisha kuingia masikioni mwa huyo huyo Bwana wa majeshi.