Nahodha, Rada na Boti ya Mbao

Ndugu msomaji, utauliza bahari inatuhusu nini sisi wa Dzaleka na Old Town, katika nchi isiyo na pwani. Lakini miongoni mwetu wako waliovuka Ziwa Tanganyika kwa boti za mbao, wengine usiku, taa zimezimwa. Basi swali hili ni letu pia: mashine ikimwambia nahodha njia ni salama, naye akagonga, dhima ni ya nani?

Rada za meli kubwa hupima mwendo wa chombo kilicho mbele, zikahesabu vitapishana kwa umbali gani na baada ya dakika ngapi. Kiko pia kifaa kinachotangaza jina, mahali na kasi ya meli. Sheria inakilazimisha kwa meli za tani 300 na zaidi zinazosafiri baina ya nchi. Programu mpya humshauri nahodha hata ageukie upande upi.

Sizidharau. Afisa wa zamu saa kumi usiku huchoka, mashine haisinzii, na anayepuuza king'ora kwa kiburi cha uzoefu ana kosa vilevile.

Ila kuona si kuelewa. Tarehe 25 Julai 1956 meli za Andrea Doria na Stockholm ziligongana karibu na Nantucket, Marekani, wakafa watu 51. Zote zilikuwa na rada, na kila moja ilikwisha kumwona mwenzake. Huku walidhani watapishana kushoto, kule kulia. Ndiyo maana kanuni za kimataifa za 1972 zinataka macho na masikio yakeshe pamoja na vifaa, na zinakataza kukisia kwa taarifa haba za rada.

Sasa fikiria boti ya mbao, au zile za mpira ambazo wakimbizi huvukia kati ya Ufaransa na Uingereza, kwenye njia ya meli nyingi mno. Rada huiona kwa shida, na mawimbi yakichafuka huipoteza kabisa. Haitangazi jina. Katika hesabu ya mashine, waliomo hawapo.

Utasema wamejitakia: kanuni hizo hizo zinamtaka hata mwenye makasia awe na tochi au kandili tayari. Kweli. Lakini anayekimbia vita huogopa kuonekana kuliko kugongwa, na kosa lake halifuti la mwingine. Fiqhi humtofautisha mwenye amana aliyepatwa na ajali na yule aliyezembea. Nahodha aliyetazama nje kwa bidii asione kitu, huyo ana udhuru. Aliyeikodolea macho skrini, akijua mbao hazionekani vizuri humo na maji yale yana boti za mbao, udhuru wake ni upi?

Na mwenye meli aliyepunguza mabaharia hadi asibaki wa kutazama nje, kwa hoja kwamba kifaa kipo, yeye aulizwe kabla ya nahodha.