MILANGO HAIFUNGULIWI KWA SIKU MOJA

Masomo: Mwanzo 8, 1–19, Walawi 14, 1–20, Yeremia 28 na 29



Kila mara habari ya ugonjwa mkubwa inaposikika katika inchi yetu, swali moja linatufikia kwenye mlango wa kanisa, hata mbele ya swali la dawa: wakifunga, watafungua lini? Tulilisikia mwaka 2020 wakati wa korona. Tulilisikia tena mwaka 2024 wakati wa mpox, na mwaka 2025 wakati Ebola ilipotokea Bulape katika jimbo la Kasai. Na kwa kuwa kanisa letu ni kanisa la unabii, watu hawasikilizi redio peke yake. Wanawauliza pia wale wenye maono. Hapo ndipo hatari inapoingia, maana mtu mwenye njaa akisikia tarehe anaishika kama chakula. Atakopa mali kwa kuitegemea tarehe ile. Na siku ikipita pasipo kitu, hatamkasirikia aliyeitaja peke yake, bali atamkasirikia na Mungu.

Basi leo tunataka kujifunza jambo moja. Maandiko yanatufundisha namna ya kutazamia kufunguliwa, na namna hiyo si kutaja siku. Ni kujua mpango wa milango, kusoma alama, na kuwalinda walio dhaifu mpaka mlango wa mwisho ufunguke.

1. Kufunga ni kwa siku moja, kufungua ni kwa ngazi

Mtazame baba yetu Nuhu. Aliingia ndani ya safina kwa siku moja, na Bwana mwenyewe akafunga mlango. Lakini kutoka kulikuwaje? Katika mwezi wa saba safina ilikaa juu ya milima ya Ararati. Mlango haukufunguliwa. Katika mwezi wa kumi vilele vya milima vilionekana. Mlango haukufunguliwa. Kunguru alitumwa, kisha njiwa mara tatu. Mwaka mpya ulipoanza, Nuhu aliondoa kifuniko cha safina na kuona kwa macho yake kwamba uso wa inchi umekauka. Hata hivyo hakutoka. Alikaa tena mpaka siku ya ishirini na saba ya mwezi wa pili, Mungu alipomwambia atoke pamoja na watu wake na wanyama wake. Tangu kuona uso uliokauka mpaka kukanyaga chini, ni karibu miezi miwili. Ndugu, je, sisi tungeweza kungoja miezi miwili hali tunaona udongo mkavu?

Ndivyo ilivyokuwa katika inchi yetu. Mgonjwa wa kwanza wa korona alitangazwa Kinshasa tarehe 10 Machi 2020. Tarehe 18 Machi Raisi wa Jamhuri alisema na taifa, na kwa hotuba moja makanisa, mashule na mikutano ya watu zaidi ya 20 vikasimamishwa. Maiti ikaagizwa kutoka chumba cha wafu moja kwa moja kwenda kaburini, pamoja na watu wachache, bila kilio cha nyumbani. Tarehe 24 Machi ikafuata hali ya hatari, na Kinshasa ikatengwa na majimbo mengine. Mwezi ule ule, mji wa Lubumbashi ulifungwa kwa saa 48. Kufunga kulikuwa kwa upesi hivyo.

Na makanisa yalifungwa kwa muda gani? Hotuba ilisema juma 4. Wengi wetu tulizihesabu juma zile 4 kwa vidole. Pasaka ikapita, Pentekoste ikapita. Hali ya hatari ikaongezwa tena na tena, siku 15 kila mara. Juma 4 zikawa karibu miezi mitano. Lakini aliyeongeza muda hakuwa mwongo. Alifanya kama Nuhu, aliyemtuma njiwa na kuona kwamba maji yangali juu ya inchi.

2. Milango ina mpango wake

Tarehe 21 Julai 2020 Raisi alitangaza mwisho wa hali ya hatari. Lakini sikilizeni mpango wake. Tarehe 22 Julai: biashara, benki, mahali pa kula, magari ya kubeba watu. Mwezi wa Agosti ulipoanza: mashule, nayo yakianza na wanafunzi wa mwaka wa mwisho. Tarehe 15 Agosti: mipaka, viwanja vya ndege, njia kati ya majimbo, viwanja vya michezo, na makanisa.

Waamini wengi waliumia moyo. Walisema: mbona mahali pa pombe pamefunguliwa mbele ya nyumba ya Mungu? Uchungu ule tunaufahamu. Lakini twende katika kitabu cha Walawi, sura ya 14, tuone sheria ambayo Mungu mwenyewe alimpa Musa juu ya mtu aliyepona ukoma.

Kwanza kuhani anatoka nje ya kambi kwenda kumtazama huko huko aliko. Pili, mtu yule anafua mavazi, ananyoa, anaoga, ndipo anaingia kambini. Lakini ingawa ameingia kambini, hapati ruhusa ya kuingia katika hema yake. Anakaa nje yake siku saba. Siku ya saba ananyoa tena na kuoga tena. Siku ya nane ndipo anafika mbele za Bwana na sadaka yake, mlangoni pa hema ya kukutania. Mnaona? Kambi kwanza, nyumbani baadaye, mahali patakatifu mwisho. Mungu hakuona haya kuweka mlango wake mwenyewe nyuma ya milango mingine. Aliuweka nyuma kwa sababu pale ndipo watu wote wanapokutana, wazee na watoto wachanga pamoja.

Na sababu yake hata leo tunaweza kuifahamu. Mama anayelisha watoto kwa kuuza unga kila siku hana akiba. Akikaa nyumbani juma moja, chungu chake ni kitupu. Kwa hiyo mlango wa mkate hauwezi kungoja sana. Lakini ibada yetu ni watu wengi ndani ya nyumba moja, saa nyingi, tukiimba kwa nguvu, tukishikana mikono na kuwekeana mikono. Ugonjwa unaokwenda kwa pumzi unapenda mahali kama hapo. Basi, mtu akituuliza siku nyingine milango itafunguliwaje, tunaweza kumjibu bila kuota ndoto: tazameni kwanza mkate, kisha masomo, na ibada kubwa mtaiona nyuma. Aliyejua hayo hatasema Mungu ameshindwa na serikali.

3. Mlango uliofunguliwa unaweza kufungwa tena

Njiwa wa kwanza alirudi kwa kuwa hakupata mahali pa kukanyaga. Nuhu hakumlaumu njiwa, wala hakumlaumu Mungu. Alinyosha mkono, akamshika, akamwingiza ndani, akangoja siku saba nyingine.

Tukumbuke mwezi wa Desemba 2020. Makanisa yalikuwa wazi, watu walijitayarisha kwa Noeli. Tarehe 18 Desemba ilianza amri ya kutotembea usiku, toka saa tatu ya usiku mpaka saa kumi na moja ya asubuhi. Wale waliokwisha kupiga vigelegele kwamba shetani wa korona amekufa, walinyamaza.

Na ndugu zetu wa Kivu ya Kaskazini walijifunza jambo hilo kwa machozi makubwa kuliko sisi. Ebola ilitangazwa kule tarehe 1 Agosti 2018. Iliua watu zaidi ya 2,200. Mwezi wa Aprili 2020 zilikuwa zimepita siku 52 bila mgonjwa mpya, na zilibaki siku chache tu mwisho utangazwe. Tarehe 10 Aprili mgonjwa akaonekana Beni. Hesabu ikarudi mwanzo. Watu wa Beni walinawa mikono tena, wakahesabu tena, na mwisho wa kweli ukatangazwa tarehe 25 Juni 2020. Je, kama nabii angekuwa amewaambia mwezi wa Aprili waache kunawa mikono, ni nani angejibu juu ya damu ya watu?

4. Kuna hesabu isiyo ya uganga

Labda mtu atasema: basi hatuwezi kujua kitu. Hapana. Iko hesabu ambayo kila mtu anaweza kuijifunza. Ebola inaweza kujificha ndani ya mwili siku 21 mbele ya kuonekana. Kwa hiyo waganga wanachukua siku 21 mara mbili, ni siku 42, na wanaanza kuhesabu wakati mgonjwa wa mwisho amepona. Kule Bulape mgonjwa wa mwisho alitoka hospitali tarehe 19 Oktoba 2025. Hesabuni siku 42, mtafika tarehe 30 Novemba. Tarehe 1 Desemba mwisho wa Ebola ulitangazwa. Mtoto wa shule angeweza kuitaja siku ile, kwa sharti moja tu: asitokee mgonjwa mwingine.

Sharti hilo ndilo linalotenganisha hesabu ya kweli na uongo. Nabii wa uongo anataja siku bila sharti. Mwenye hekima anataja alama, na siku inafuata alama.

5. Hanania na Yeremia

Wana wa Yuda walikuwa wamefungwa Babeli. Nabii Hanania alisimama nyumbani mwa Bwana, mbele ya makuhani na watu wote, akasema katika miaka miwili vyombo na wafungwa watarudi. Akaivunja nira ya mti shingoni mwa Yeremia ili watu waamini. Yeremia alifanya nini? Kwanza alisema amina, kwa kutamani Bwana afanye hivyo, maana naye aliwapenda watu wake. Lakini baadaye Bwana alimrudisha kusema kwamba nira ya mti imekuwa nira ya chuma, na kwamba Hanania ametumainisha watu katika uongo. Hanania akafa mwaka ule ule.

Ndipo Yeremia akawaandikia wafungwa barua. Aliwaambia wajenge nyumba, wapande bustani, waoe na kuzaa, na kuuombea amani mji wa kufungwa kwao, maana muda ni miaka 70. Ndugu, tazameni ni nani aliyewapenda watu zaidi. Aliyengoja miaka miwili kwa neno la Hanania hakupanda hata mche mmoja, na mwaka wa tatu hakuwa na chakula. Aliyemsikia Yeremia alikula matunda ya bustani yake.

Wenye maono katika kanisa hili, hatuwazimishi Roho. Tunawaomba: maono ya tarehe msiyatangaze barazani wala sokoni. Yaleteni kwa wazee, yaandikwe, yapimwe, kama Musa alivyoagiza katika Kumbukumbu la Torati 18. Na kama Bwana akiwaonyesha ugonjwa unakuja, ombeni pia awaonyeshe ni mjane gani atakayelala na njaa.

6. Ugonjwa mwingine ukija

Tarehe 5 Mei 2023 shirika la afya la dunia lilitangaza kwamba hatari kubwa ya korona imekwisha. Lilisema vilevile kwamba ugonjwa wenyewe ungali duniani. Kwa hiyo tujitayarishe, na kila mmoja ashike sehemu yake.

Mashemasi wa kila mtaa waandike sasa, wakati wa amani, majina ya wajane, ya wazee wanaoishi peke yao na ya wale wanaokula kwa kazi ya siku ile ile. Sanduku la maskini lisingojee siku ya kufungwa ndipo litafutiwe pesa. Wazazi waweke akiba hata kidogo ya unga na chumvi. Kwaya zikumbuke kwamba nyimbo zinaweza kuimbwa nyumbani, watu watano, madirisha wazi. Na siku ya kufunguliwa, tutoke kwa utaratibu kama safina ya Nuhu, ambamo wanyama walitoka jamaa kwa jamaa. Tusikanyagane.

Na neno la mwisho ni zito kuliko yote. Sheria ya ukoma ina mistari 32 juu ya njia ya kumrudisha mtu peke yake. Mungu hakumtoa mtu nje ya kambi bila kumwandikia njia ya kurudi, na kuhani alikwenda kumtafuta huko nje. Kule Beni na Butembo, wengi waliopona Ebola walirudi na cheti cha hospitali mkononi, na bado majirani walikataa kuketi nao. Lakini wengine kati ya waliopona ndio waliobeba watoto wachanga wa wagonjwa katika mikono yao, kazi ambayo sisi wazima tuliiogopa. Serikali inaweza kufungua barabara, soko na kanisa. Mlango wa moyo wa jirani haufunguliwi kwa hotuba ya Raisi. Mtu aliyepona angali amefungiwa mpaka ndugu yake amkaribishe kwenye kiti, wale pamoja.

Basi juma hili, mbele ya kuuliza mambo ya kesho, kila mmoja ajiulize: katika avenyu yangu yuko nani ambaye ugonjwa umekwisha kwake lakini mimi sijamfungulia? Mwendeeni. Kuhani alitoka nje ya kambi kwa miguu yake.

Ee Mungu Baba, utupe subira ya Nuhu, ukweli wa Yeremia na miguu ya kuhani. Walinde waganga na wauguzi wetu. Uwafariji wote waliozika watu wao bila kilio. Na mlango wako utakapofunguliwa, utukute tunatosha wote, bila mmoja kusahauliwa nje. Kwa jina la Yesu Kristo. Amina.