Je, Kununua kwa Huruma ni Heshima?



Katika vijiji vya Ayalandi mgeni aweza kubisha hodi kwa fundi na kukaribishwa ndani. Huko Ardara, katika kaunti ya Donegal, atamkuta mfumaji wa nguo za sufu penye kitanda chake cha kufumia, miguu ikikanyaga, mikono ikipitisha uzi. Mahali pengine atamwona msukaji wa matenga. Yeye huchomeka fito ardhini, huanza kusuka mdomo wa tenga, na kitako hukifanya mwisho. Zamani matenga hayo yalipakiwa ubavuni mwa punda, mfano wa shogi zetu, kubebea udongo mkavu wa kinamasi unaochomwa kama kuni.

Mgeni hutazama, huuliza, hupiga picha. Kisha huulizia bei, na hapo moyo wake hugawanyika. Mara asema moyoni, "Dukani ningepata kwa nusu." Mara amtazama mzee mwenye mvi, asema, "Basi, nimsaidie maskini huyu." Mawazo hayo yaonekana kupingana, lakini mimi naona ni ndugu. La kwanza laipima kazi ya mkono kwa kazi ya mashine. La pili haliipimi kazi kabisa. Lampima mtu, na kumwona mdogo.

Kisa cha mji wa Clones, katika kaunti ya Monaghan, chatufundisha. Tangu mwaka 1845 ugonjwa uliharibu viazi, chakula kikuu cha maskini wa nchi ile, na katika miaka ya njaa iliyofuata watu wapatao milioni moja walikufa. Mwaka 1847 Bibi Cassandra Hand, mke wa kasisi wa Kanisa la Ayalandi, ambalo ni Kianglikana kama letu, alianzisha pale kazi ya kufuma lesi kwa kroshia. Wanawake walijifunza kufuma mawaridi na majani kwa uzi mwembamba, na wengine wakapata chakula cha watoto wao kwa sindano.

Hakika mama huyu alisukumwa na huruma. Lakini angalieni ilikwenda njia gani: ilifundisha, kisha ikatafuta soko. Bibi wa mjini aliyevaa kola ya lesi ile hakununua njaa ya mfumaji. Alinunua kitu kizuri. Mitindo ilipobadilika soko lilififia, lakini lesi ya Clones ingali yafumwa hata leo.

Mtu atasema, "Fedha ya huruma hununua mkate sawasawa na fedha nyingine." Ni kweli, na siku ya njaa tutoe sadaka bila maswali. Lakini sadaka na biashara zisichanganywe. Anunuaye kwa huruma hununua mara moja, akaenda zake. Hajali kama mshono umenyooka au umepinda, husifu vyote, na fundi asiyekosolewa hulegea. Ajuaye kazi hurudi, na huwaleta wengine.

Tena kuna kijana asimamaye mlangoni akitazama. Akiona baba yake anatazamwa kama kitu cha kale, au kuhurumiwa kama mwombaji, je, ataketi penye kitanda kile? Akiona anaulizwa kama mwalimu na kulipwa kama fundi, huenda akaketi.

Basi mgeni afanye nini? Aombe ruhusa kabla ya kupiga picha. Aulize kazi imechukua siku ngapi. Ikiwa ni nzuri naye anaihitaji, alipe bei iliyotajwa. Ikiwa haihitaji, ashukuru na kusema hivyo wazi, kwa maana kukataa kwa adabu kwamheshimu fundi kuliko kununua kitu kitakachotupwa stoo.

Nasi tusiwahukumu wageni wa Ayalandi peke yao. Mama wa jirani aletapo mkeka alioukesha usiku, wako wamkatao bei hadi machozi, na wako wanunuao ili aondoke mlangoni. Mtume Paulo alishona mahema kwa mikono yake. Angalibisha hodi kwetu na hema begani, tungalimpokeaje?