Mtoto Anapouliza Habari za Jiwe



Ukipita mitaa ya Nkuhungu asubuhi, kabla jua la Dodoma halijawa kali, utasikia nyundo. Ni akina mama wanaoponda kokoto. Jiji linajengwa, kila upande watu wanamwaga zege, na ndoo chache za kokoto ndizo unga wa jioni. Nilisimama kumsalimu mmoja wao, mwanawe amechuchumaa pembeni. Jiwe likapasuka. Mtoto akaokota kipande, akakifuta vumbi kwa kidole gumba, akakigeuzageuza juani. "Mama, mbona ndani linameremeta?" Mama akamjibu kwa upole, "Ni jiwe tu, baba. Sogea, lisije likakurukia jichoni." Akainua nyundo tena.

Mama yule hakukosea kitu. Alikuwa analilinda jicho la mwanawe huku akimtafutia chakula, na sijui upendo gani unazidi huo. Ila swali la mtoto lilibaki pale chini pamoja na vumbi, nami nimekaa nalo wiki nzima. Nani atamjibu?

Jibu lenyewe haliko mbali. Kinachometameta ndani ya jiwe lile ni ulanga, na jiwe ni granaiti, mwamba ambao wanajiolojia wanasema hapa nyanda za kati una umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Hapa hapa mjini kwetu kuna Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania, iliyoanza mwaka 1925, nayo ina makumbusho yake yenye mawe na madini ya nchi hii, yamepangwa kwa majina. Kutoka Nkuhungu ni safari fupi ya daladala. Lakini kwa mtoto yule ni mbali sana. Kuna nauli ya kwenda na kurudi. Kuna siku nzima ambayo mama hatashika nyundo. Kuna viatu. Halafu kuna kile kigugumizi cha getini, mtu anapojitazama nguo na kujiuliza moyoni: hivi sisi nasi tunaruhusiwa kuingia? Je, wewe umewahi kusimama mbele ya mlango ukajiuliza hivyo?

Katika kulitafakari swali la mtoto yule nimerudi kwenye Yoshua, sura ya 4. Waisraeli wamevuka Yordani pakavu, na kabla hawajaendelea na safari wanaagizwa watoe mawe 12 katikati ya mto, wayasimamishe Gilgali. Nimesoma habari hiyo mara nyingi nikiitazama kama kumbukumbu ya wazee. Safari hii nimeona kwamba waliolengwa ni watoto. Mawe yaliwekwa ili siku moja mtoto apite, ayaone, aulize, na aliye mkubwa kwake akae chini amsimulie. Mungu alilitengenezea swali la mtoto mahali pa kuulizwa. Tena kila kabila lilibeba jiwe moja, kubwa kwa dogo, na hakuna watoto walioambiwa kwamba mawe yale si ya kwao.

Duniani wapo watu waliolichukua jambo hili kwa moyo. Makumbusho ya kwanza kabisa ya watoto yalifunguliwa Brooklyn, jijini New York, mwaka 1899. Mwaka 1902 alijiunga nayo mwanamke aitwaye Anna Billings Gallup, akashikilia kwamba mtoto aguse vitu kwa mikono yake badala ya kuvitazama tu kwenye kabati la kioo. Alibaki na kazi hiyo mpaka mwaka 1937. Ninapenda kuutazama huo muda kuliko ufunguzi wenyewe. Ufunguzi una nyimbo na picha. Miaka ile yote ilikuwa ya kufungua mlango asubuhi, kupanga makombe ya konokono, kujibu swali lile lile kwa mtoto mwingine. Hata leo Marekani, tangu mwaka 2014, upo mpango uitwao Museums for All: familia inaonyesha kadi yake ya msaada wa chakula, inaingia kwa dola 3 au chini ya hapo, pengine bure. Makumbusho zaidi ya 1,000 yameukubali. Kadi inayoitambulisha familia kuwa haina kitu ndiyo inayoifungulia mlango. Nadhani Yakobo, aliyewakemea wale waliompa tajiri kiti kizuri na kumsimamisha maskini pembeni, angefurahi kuliona hilo.

Nasi tuna mfano wa karibu. Tanga, tangu mwaka 2021, ipo bustani ya sayansi iitwayo STEM Park, iliyoanzishwa na Projekt Inspire kwa kushirikiana na halmashauri ya jiji, ili watoto wajifunze sayansi kwa kushika na kucheza. Ikiwezekana Tanga, haishindikani kwetu.

Lakini nikuombe utulie kidogo kwenye jambo moja ambalo halionekani kwenye picha za ufunguzi. Mahali ambapo watoto wanaruhusiwa kugusa, vitu vinavunjika. Gurudumu linang'oka, kioo cha kukuzia kinadondoka, uzi wa zeze unakatika. Kila jioni mtu anabaki nyuma na bisibisi na gundi, anakarabati, na asubuhi anawakaribisha walewale waliovunja, uso wake ukiwa mkunjufu. Petro alimwuliza Yesu asamehe mara ngapi, akajibiwa kwa hesabu ambayo ni kama haina mwisho. Mimi naona jibu lile likiishi katika mikono ya mhudumu wa namna hii. Mtoto wa familia isiyo na kitu amezoea kuambiwa usiguse, utavunja, tutalipa na nini. Akikuta mahali ambapo amevunja na bado anaitwa jina lake kwa upole, amejifunza juu ya Mungu kitu ambacho mahubiri yangu hayawezi kumfikishia. Na wewe, nyumbani kwako, kikombe kikidondoka leo, mtoto ataona nini usoni pako?

Ndiyo maana sitaki tulifikirie suala hili kama la wafadhili peke yao. Shilingi ni muhimu. Taa zinalipiwa na wahudumu wanakula. Ila fedha ya mara moja huzindua tu. Kinachomfikisha mtoto wa Nkuhungu hadi ndani ni mtu anayempitia Jumamosi, anayemwomba mama yake ruhusa kwa heshima, anayelipa nauli bila kuitangaza, anayemshika mkono getini. Mkoa wetu una michoro ya miambani ya Kolo, kule Kondoa, ambayo UNESCO iliiingiza katika urithi wa dunia mwaka 2006. Watu hutoka mabara mengine kuja kuiona. Ni watoto wangapi wa mtaa wako wameiona?

Tuanze na kilicho mkononi. Kwenye chumba cha shule ya Jumapili kuna kona ambayo inatosha meza moja. Mwenye ilimba ya babu yake ailete, mwenye jiwe la kusagia, mwenye kibuyu, mwenye masuke ya uwele na ya mtama, mwenye vipande vya mawe vyenye ulanga. Bibi zetu wanaojua Kigogo waje kwa zamu, wakae pale, waulizwe. Mlango uwe wazi kwa mtoto yeyote wa mtaa, awe wa kanisani, wa msikitini au asiyekwenda popote. Kwenye meza hiyo tusiandike usiguse.

Na kabla mwezi huu haujaisha, tunataka kuwapeleka watoto kwenye yale makumbusho ya mawe mjini, pamoja na mama zao watakaoweza kuacha nyundo kwa nusu siku. Jumapili hii baada ya ibada, ukiweza kulipa nauli ya mtoto mmoja na mama yake, au kumfidia mama kokoto za siku hiyo, mwone mwalimu wa shule ya Jumapili. Ukiwa huna fedha lakini una Jumamosi, mwone vilevile. Tunahitaji watu wazima wa kutembea na watoto na kusikiliza maswali yao.